Theluji ya Kayenze

Kila Desemba katekista Lugodisha
alinituma kwa baba: "Mwambie theluji imekwisha."
Hakuwahi kuiona, wala mimi.
Ilikuwa kwenye kadi moja tu, ya padre aliyekwisha kurudi kwao,
kadi ya kondoo waliozama hadi magotini
katika kitu cheupe kisicho maji,
na katekista aliisoma kama Injili ya tano:
Bethlehemu palikuwa na baridi, mwanangu,
kwa hiyo sisi tutandike pamba.

Nilimwuliza baba theluji ni nini.
Alikuwa ananoa jembe. Akafikiri.
"Ni pamba inayoanguka yenyewe,
bila kupaliliwa, bila kupigwa dawa,
bila mtu wa mizani."

Mwaka ule mtu wa mizani alitia mkono katika gunia letu,
akautoa, akautazama mkono wake badala ya pamba,
akasema neno moja: fifi.
Mvua ya Mei ilikuwa imetutia madoa.
Safi ilipata bei. Fifi ilirudi nyumbani juu ya baiskeli,
ikalala chumbani kwetu tangu Julai,
sisi watoto juu yake, panya chini yake,
na baba akiipita kama mtu anayempita mdai wake njiani.

Basi niliposema theluji imekwisha
baba hakujibu. Mama akakoroga uji uliokwisha kuiva.
Shati la Noeli halikuwapo, mchele haukuwapo;
palikuwa na dagaa, na wimbo wa tatu wa kwaya
ambao sauti ya pili tulikuwa hatujauweza.

Jioni ya mkesha akaingia kanisani, gunia zima begani.
Hakupiga goti. Alilitua kwenye mawe
ambayo vijana waliyabingirisha kutoka ufukweni,
akasema, "Ni ya daraja la pili. Mtoto asije akalalamika."
Katekista akacheka hadi akashika nguzo.
Kisha akaacha kucheka.

Wakatandika. Njano hapa, kijivu pale,
vipande vya majani makavu, mbegu ndani yake,
na juu yake Mtoto wetu wa plasta asiye na kidole gumba,
amelala kama nilivyolala mimi tangu Julai.
Nilijua kinachomchoma mgongoni.

Usiku jenereta likazimika katikati ya Utukufu.
Tukaimba gizani. Ikaja taa ya chemli, moja,
na nyuma yake wadudu wa ziwa, moshi mzima uliotoka majini,
wakamiminika juu ya kitambaa cha altare,
juu ya upara wa mzee Kwilasa,
juu ya vinywa vyetu vilivyofunguka kwa sauti ya pili,
wakianguka wenyewe, bila kupaliliwa.
Bibi Mbuke akatema mmoja, akaendelea na ubeti.

Saa nane, mvua. Bati la kona ile linavuja
tangu mimi sijabatizwa; hakuna aliyekumbuka ndoo.

Jumapili ya Mamajusi tuliingia tukakuta theluji imeota.
Majani mawili mawili, mabichi, yamesimama
baina ya punda na Yosefu,
na mche mmoja umepenya mkononi mwa Mtoto
pale palipokosa kidole gumba.

Watu wakanong'ona. Mmoja akasema muujiza,
mwingine akasema bati.
Katekista alimtazama baba.
Baba akapiga goti, mara ya kwanza mimi kumwona,
akainama hadi pua ikakaribia udongo,
na kwa vidole viwili, polepole,
akaanza kupunguza miche:
akang'oa iliyo dhaifu, akaacha miwili kila shimo,
kama bwana shamba alivyotufundisha.